Mgeni Aonje Zabibu, Asionje Joto

Ndugu waongoza wageni, wakulima wa zabibu, na ninyi wa mahoteli na mabasi ya watalii, mbukwenyi!

Tumeitwa tuzungumzie namna ya kumtembeza mgeni kwenye shamba la kale la mizabibu hapa Dodoma na kumwonjesha mvinyo wake. Kinachotukera tunakisema mapema, tusizungukane. Mgeni akiondoka hapa akidai mvinyo wetu ni siki, au ni sharubati yenye kilevi, mara nyingi kosa si la zabibu. Amepewa mvinyo mwekundu wenye joto la nyuzi 30, kwenye kikombe cha plastiki, saa nane mchana, baada ya kusimamishwa juani saa nzima akisimuliwa historia. Huyo hakuonja zabibu. Ameonja jua la Dodoma.

Basi tuanze na saa. Mgeni awe shambani saa 1 asubuhi, atoke shambani kabla ya saa 3, aingie kiwandani, na meza ya kuonja iwe tayari saa 4. Wako watakaocheka: nani anywe mvinyo saa 4 asubuhi? Wanaoonja kwa kazi huonja muda huohuo, kwa sababu ulimi haujachoka na pua haijajaa harufu za chakula cha mchana. Sharti ni moja, mgeni awe amekunywa chai na kula kitu kizito. Chapati mbili na maharage zinatosha. Mwenye tumbo tupu mvinyo humpanda haraka, na mkihesabu vizuri mtakuta ugomvi mwingi wa safari hizi unaanzia hapo.

Sasa mahali penyewe. Bihawana, kwenye barabara ya Iringa, ndiko zabibu za Dodoma zinakotajiwa chimbuko. Wamisionari Wakatoliki kutoka Italia waliipanda mizabibu pale mwishoni mwa miaka ya 1950. Mgeni akiuliza kwa nini misheni ijishughulishe na zabibu, mjibuni kwa kifupi: divai ya misa kwa sheria ya Kanisa lazima iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Huwezi kutumia ya rozela wala ya ndizi. Kutoka pale kilimo kilisambaa, na leo ukienda Hombolo, Makutupora au Chamwino unakuta mistari ya mizabibu kando ya mtama na alizeti. Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu, sasa kiko chini ya TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, na jina la mahali hapo limebaki kwenye zabibu nyekundu tunayoitegemea kuliko zote.

Hapa ndipo waongoza wengi hutia chumvi. Wanaongeza karne, wanaongeza Wajerumani, wanaongeza hazina zilizofukiwa. Msifanye hivyo. Miaka sitini na kitu inatosha ikisimuliwa sawasawa. Na msiwasahau walioshika jembe. Wamisionari walileta miche, lakini mashimo yalichimbwa, maji yalibebwa na magugu yalipaliliwa na Wagogo wa vijiji vya jirani. Kwenye ziara nzuri mzee mmoja wa kijiji hupewa dakika kumi za kusema mwenyewe, na hulipwa kwa dakika hizo.

Wanaotaka kuona jambo hili linavyofanywa kwenye shamba kongwe zaidi watazame Groot Constantia, Cape Town. Ardhi yake ilitolewa mwaka 1685 kwa Simon van der Stel, aliyekuja kuwa gavana wa Cape. Hendrik Cloete alilinunua shamba mwaka 1778, na mwaka 1791 likajengwa ghala la mvinyo ambalo mchongo wa kwenye paji la ukuta wake bado unapigwa picha kila siku. Serikali ya Cape ililinunua mwaka 1885, nyumba kuu ikaungua mwaka 1925, ikajengwa upya. Kwa muda mrefu mgeni alionyeshwa samani na vyombo vya kauri basi. Siku hizi anaelezwa pia habari za watumwa waliolima pale. Watumwa wa Cape kwa jumla walitolewa Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia, na ni mikono yao iliyokamua ule mvinyo mtamu aliokuwa akipelekewa Napoleon kifungoni Saint Helena. Mgeni hakimbii akisikia hayo. Anasikiliza zaidi.

Jambo dogo kabla hatujatoka Bihawana: misheni ni mahali pa sala, si hoteli. Ombeni ruhusa siku kadhaa kabla, msipeleke basi wakati wa misa, na wageni wavae nguo za heshima.

Haya, shambani. Kitu cha kwanza ambacho mgeni kutoka Ulaya haamini ni kwamba tunavuna mara mbili kwa mwaka. Kwao baridi huulaza mzabibu, majani yakapukutika, ukaamka majira ya kuchipua. Sisi tuko karibu na ikweta, hatuna baridi ya kuulaza. Hapa mkasi wa kupogolea ndio unaoanzisha msimu. Ukipogoa leo, macho ya matawi yanachipua baada ya wiki mbili hivi, na kwa takriban miezi minne una zabibu za kuvuna. Mavuno ya kwanza huangukia Februari na Machi, ya pili Agosti na Septemba.

Lakini mavuno hayo mawili si mapacha, na mwongozaji asiyejua tofauti yake hawezi kueleza chochote mezani. Zabibu za Februari na Machi zimekulia kwenye mvua. Punje hunywa maji, sukari huwa nyepesi, na unyevu huleta ukungu: ubwiri unga unaofunika punje kama zimepakwa unga wa muhogo, na ubwiri vinyoya unaoanza na madoa ya njano juu ya jani na kuacha weupe kama pamba chini yake. Mvua ikikaribia wiki ya mavuno, mkulima huingiwa hofu akavuna kabla ya wakati. Zabibu si embe, haiivi ikiwa kwenye kreti. Ilivyokatwa ndivyo itakavyobaki. Zabibu za Agosti na Septemba zimekulia ukame, kwa maji ya kumwagilia. Ni safi zaidi, sukari imekolea, ila gharama ya maji ni kubwa na ndege huzishambulia kwa sababu porini hakuna kingine cha kula. Ndiyo maana mtaona nyavu.

Kama wageni wamefika wiki ya kupogoa, wasimamisheni mbele ya shina moja tu, msiwazungushe ekari tano. Waonyesheni tawi la msimu uliopita, rangi yake ya kahawia. Mpogoaji anahesabu macho mawili kutoka kwenye mkono wa shina, anakata juu ya jicho la pili, mkato umelala upande usio na jicho ili maji yasilitiririkie. Akiacha macho matano, mzabibu utazaa vichala vingi vidogo visivyoiva pamoja. Kisha subirini kidogo. Kwenye kidonda kile kinatokea tone la maji meupe, linakua, linaning'inia, linadondoka, na jingine linajitunga. Wakulima husema mzabibu unalia. Ni utomvu unaosukumwa na mizizi iliyokwisha kuamka, na haumdhuru mti. Hakuna picha ya ziara nzima itakayoishinda hiyo kwa wageni wenu.

Wakifika wakati wa mavuno, mpe kila mmoja punje tatu kutoka sehemu tatu za kichala: juu, katikati na ncha ya chini. Aile nyama, ateme kokwa kiganjani, azitazame. Kokwa ya kijani inayonata ni ya zabibu changa. Kokwa ya kahawia inayovunjika kwa meno kama bisi iliyokaangwa ni ya zabibu iliyoiva. Kisha mtoleeni kipimo cha sukari, kile cha mfano wa darubini ndogo. Tone moja la maji ya zabibu juu ya kioo, funika, elekeza kwenye mwanga, soma mstari. Nyuzi 22 za Brix, yaani za kipimo hicho cha sukari, zitatoa kilevi cha asilimia 12 hadi 13 hamira ikimaliza kazi yake. Kipimo kikisoma 17 na mwenye shamba anasema atavuna kesho, msimsemeshe mbele ya wageni, lakini mtakuwa mmeshajua mvinyo ule utaonja vipi.

Angalieni miguuni pia. Mchwa wa huku hula nguzo za kushikilia waya na hupanda hadi kwenye shina. Mgeni asiyejua hukanyaga vichuguu vidogo akidhani ni udongo. Wakati wa mavuno kuna nyuki na nyigu kwa wingi, kwa hiyo ulizeni tangu kwenye basi nani anadhurika na sumu ya nyuki. Na mgeni asikate kijiti akakitia mfukoni kwenda kukipanda kwao. Magonjwa ya mizabibu yamezunguka dunia kwa njia hiyohiyo.

Kiwandani hatutakaa sana, mashine ni mashine. Mweleze mambo mawili. La kwanza ni rangi: maji ya zabibu nyingi nyekundu ni meupe, rangi iko kwenye ganda. Mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda yake kwa siku kadhaa, na maganda yakielea juu husukumwa chini mara mbili au tatu kwa siku yasikauke na kuleta siki. Mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatupwa. La pili ni mchuzi. Wengi wenu mmekulia nyumba ambazo neno mchuzi wa zabibu linasemwa kila siku, lakini mgeni kutoka Dar akisikia mchuzi anafikiria nyama. Mwambieni ndiyo mvinyo ghafi unaouzwa kwa lita kwa viwanda vinavyosafisha na kutia chupani. Kilo moja ya zabibu hutoa kama lita 0.6 hadi 0.7.

Na hatari iko hapa, tusiipite. Zabibu zinapochachuka hutoa hewa ya kaboni dioksidi. Ni nzito, haina rangi, hujaza tangi na kukaa sakafuni. Mgeni anayetaka kuchungulia ndani ya tangi ili apige picha anaweza kuzimia akatumbukia, na anayemfuata kumwokoa huanguka vilevile. Fungueni milango robo saa kabla ya kuingia, na hakuna mtu kuinamia tangi. Hilo ni katazo, si ushauri.

Sasa meza. Hesabu ya wageni 20: toeni mililita 40 kwa kila mmoja, si zaidi. Chupa ya mililita 750 kwa hesabu ya karatasi inatoa vipimo 18, lakini kuna matone yanayopotea, wekeni 17. Kwa hiyo kila aina inahitaji chupa mbili, na ile ya pili, itakayobaki na sehemu kubwa, ndiyo akiba. Aina nne zinatosha, jumla mililita 160 kwa mtu, na huko ni kama glasi moja iliyojaa kiasi. Wanaoonjesha aina nane wanauza sifa. Baada ya ya tano ulimi wa asiyezoea hautofautishi kitu.

Joto ndilo linalotuvunjia heshima, kwa hiyo lisikilizeni vizuri. Mweupe uwe nyuzi 8 hadi 10. Mwekundu 16 hadi 18. Vitabu vinavyosema mwekundu unywewe kwa joto la chumba vilikuwa na maana ya vyumba vya mawe vya Ulaya, si chumba chenye bati la Dodoma mwezi wa kumi. Kwenye nyuzi 28 kilevi kinapanda puani, uchachu unatoweka, na kinachobaki ni kitu kinachochoma kama spiriti. Mwekundu uwekeni kwenye friji saa moja na nusu hivi kabla. Mweupe ukae humo kwa muda wa saa tatu hadi nne. Kama umeme umekatika, na siku yenu utakatika tu, chukueni ndoo, barafu nusu na maji nusu, chumvi kiganja kimoja, chupa izame mpaka shingoni: dakika 20 zinatosha. Barafu peke yake bila maji haigusi chupa vizuri, ndiyo maana watu hulalamika imechelewa. Na msitie barafu ndani ya glasi, mtakuwa mmeuza maji.

Glasi ziwe za kioo, zenye mguu, na mdomo mwembamba kuliko tumbo. Zioshwe kwa maji ya moto na sabuni kidogo isiyonukia, zisuuzwe mara mbili, zikauke zikiwa zimesimama. Ukizifudikiza juu ya kitambaa zinanuka kitambaa. Kabla ya kumimina, nusa glasi tupu. Ikinuka kabati, osha tena. Mhudumu asijipake manukato asubuhi hiyo, na udi msiufukize karibu na meza. Udi ni mzuri, lakini utashinda kila chupa mliyofungua.

Mwongozaji aonje kila chupa kabla ya wageni. Kila chupa, si ya kwanza tu. Ikinuka siki au asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, hewa imeingia na bakteria wa siki wamefanya kazi. Ikinuka tufaha lililokatwa likaachwa mpaka likawa kahawia, imepata hewa nyingi au imekaa kwenye joto stoo. Ikinuka gunia lililolowa au kadibodi mbichi, ni kizibo kilichoharibika, na hakuna dawa, fungueni nyingine. Yai viza au kiberiti, zungusheni glasi kwa dakika mbili tatu, mara nyingi harufu hiyo huondoka. Vijiwe vinavyong'aa chini ya chupa iliyopoa si vioo wala sukari, ni chumvi ya asidi ya zabibu yenyewe, havina madhara. Mgeni atauliza, na mkibabaika ataamini ni vioo.

Mpangilio: mweupe mkavu kwanza, yaani ule ambao sukari yake karibu yote imeliwa na hamira. Chenin Blanc ya hapa, zabibu nyeupe, inafaa nafasi hiyo. Kisha mwekundu mwepesi, kisha mwekundu mzito kama wa Makutupora au Syrah, na mtamu mwisho. Ukianza na mtamu, kila kinachofuata kitaonekana kichachu. Mvinyo mtamu wa Dodoma wengine huuonea aibu mbele ya wageni. Hatuoni sababu. Ule wa Constantia uliompendeza Napoleon ulikuwa mtamu. Ila mwongozaji ajue utamu wa chupa yake ni sukari ya zabibu iliyobaki au ni sukari iliyoongezwa baadaye, na akiulizwa aseme kweli.

Maneno. Hapa Kiswahili kimetubariki kuliko tunavyojua. Kuna uchachu, kuna uchungu, na kuna ukakasi, na vyote vitatu wageni wetu huviita uchungu. Uchachu hutoa mate pembeni mwa ulimi, kama embe bichi. Ukakasi hukausha fizi na kuukunja ulimi, kama bibo au ndizi mbichi, nao unatoka kwenye ganda na kokwa. Uchungu ni ladha kama ya mchunga. Wafundisheni wageni kutenganisha hivyo vitatu kabla ya kusema wanapenda au hawapendi. Na harufu msizitaje kwa matunda ya vitabuni ambayo hakuna mtu Dodoma aliyewahi kuyashika. Wekeni mezani visahani vinne: ukwaju, zambarau kama ni msimu wake, ubuyu, na asali ya Dodoma. Mgeni anuse kisahani, kisha anuse glasi, kisha tena kisahani. Mzungu ambaye hajui ukwaju atajifunza ukwaju, na Mtanzania aliyedhani mvinyo si wake atatambua kitu cha nyumbani kwao.

Pembeni kuwe na mkate mweupe, karanga zisizo na chumvi, maji nusu lita kwa kila mtu, na ndoo ya kutemea. Ndoo ndiyo waongoza huionea haya. Atemeye hakutukani. Dereva ateme kila kipimo, au bora asionje kabisa. Aliye chini ya miaka 18 hapewi hata tone.

Wasiokunywa msiwakalishe nje na soda. Waislamu na wengine wengi huja kwa ajili ya shamba na historia, wamelipa sawa na wenzao. Waandalieni meza yao, glasi zao ambazo hazijawahi kutiwa mvinyo, na juisi ya zabibu. Ila juisi ina mtego: ikikamuliwa na kuachwa juani, hamira iliyo kwenye maganda huanza kazi ndani ya siku hiyohiyo, na juisi ya jana inayopiga mapovu si juisi tena. Ikamuliwe asubuhi ileile, ichemshwe mpaka inakaribia kutokota, kama nyuzi 80, ipozwe haraka, ikae kwenye barafu. Kama hamna hakika nayo, toeni zabibu mbichi zilizooshwa. Kwa hili hakuna kubahatisha.

Mwisho ni chupa wanazonunua. Mgeni atanunua sita, atazitia kwenye buti la gari, atakula chakula cha mchana mjini saa mbili nzima gari likiwa juani. Kizibo kitasukumwa juu, akifika Dar atakuta mvinyo umepikwa, na atalaumu Dodoma. Msimkabidhi chupa mpaka dakika anayoondoka. Mfungieni kwenye kreti lenye magunia yaliyolowekwa maji, yakae chini ya kiti, si kwenye buti. Anayerudi kwa treni ya SGR ana bahati, atakaa na mzigo wake kwenye baridi.

Tumemaliza ya mezani. Glasi ziko pale, mikasi iko kwa mpogoaji, na saa 1 inakaribia. Twendeni kwenye mistari kabla jua halijapanda.